Pendekezo Bila Onyo ni Tangazo

Mwaka jana nilimwomba mhadhiri wetu mmoja ruhusa ya kuandika insha ya muhula kuhusu Frieren, anime ya Kijapani ambayo msimu wake wa kwanza ulirushwa kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024. Alicheka, wala hakucheka kwa ubaya, akasema: "Katuni ni za watoto. Niletee kitabu." Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, maana mwanafunzi anayechekwa na darasa zima hana pa kujificha ila ndani ya kicheko hicho hicho.

Jioni ya siku hiyo, katika kundi letu la WhatsApp, mwenzetu mmoja aliandika juu ya anime nyingine, Solo Leveling: "Noma sana. Kumi kwa kumi. Niamini tu." Wengine wakamjibu kwa vijipicha vya moto. Nikamwamini. Bando langu la wiki likaishia huko.

Ninaandika kuwapinga wote wawili. Mhadhiri aliihukumu kazi ambayo hajaiangalia. Mwenzetu aliiangalia, lakini hakusema alichokiona. Mmoja alifunga mlango, mwingine akatusukuma ndani, na hakuna hata mmoja aliyetuambia mle ndani kuna nini. Sisi tunaosomea Kiswahili na fasihi yake, ambao kazi yetu ni kueleza kwa nini hadithi fulani inafaa kusomwa, tungepaswa kuona aibu kuliko wanafunzi wa vitivo vingine.

Nianze na walimu wetu, kwa heshima zote.

Hoja kwamba hadithi yenye viumbe wa ajabu ni ya watoto haiwezi kutoka kinywani mwa mtu anayefundisha fasihi ya Kiswahili. Kusadikika ya Shaaban Robert ni nchi iliyo angani, nasi tunaisoma kama hoja nzito juu ya sheria na utawala. Katika Adili na Nduguze ya mwandishi huyo huyo, ndugu wanageuzwa manyani, na sijasikia mwalimu akisema kwamba manyani hao ni wa chekechea. Mazimwi ya hadithi za bibi zetu yana nafasi yake katika somo la fasihi simulizi. Ikiwa nchi ya angani inaingia kwenye mtihani, mchawi mwenye masikio marefu anachekwa kwa kosa gani? Kosa lake ni kwamba amechorwa, na mchoro tumeuzoea kuwa kitu cha kumnyamazishia mtoto mama akipika.

Ninaijua hofu iliyo nyuma ya kicheko kile. Wengi wetu tumeacha kusoma riwaya. Tunasoma muhtasari usiku wa kuamkia mtihani, kisha tunarudi kwenye simu. Hofu hiyo ni ya haki, na mimi ni mmoja wa wanaoisababisha. Lakini kicheko hakiwezi kuiponya. Tulazimisheni tuangalie kama mnavyotulazimisha tusome: nani anasimulia, nini kimeachwa bila kusemwa, kwa nini mhusika huyu ananyamaza mahali pale. Mwanafunzi aliyebanwa kwa maswali hayo juu ya anime aipendayo hataweza tena kuridhika na muhtasari wa riwaya.

Sasa zamu ya wenzangu, na hapa nitakuwa mkali zaidi, kwa sababu ni nyumbani.

Solo Leveling ina misimu miwili, wa 2024 na wa 2025, jumla sehemu 25 za dakika zipatazo 24 kila moja. Hizo ni saa 10. Mtu akija mlangoni pako akisema, "Nipe saa 10 za maisha yako, usiniulize za nini," utamfungia. Akikwambia "noma sana," unampa. Basi nami niseme kile ambacho sikuambiwa.

Sehemu mbili za mwanzo ni nzuri kweli. Sung Jinwoo, mwindaji dhaifu kuliko wote, anahatarisha roho yake kwa sababu mama yake amelala usingizi usioisha hospitalini na dada yake anataka kusoma. Yeye na wenzake wanaingia katika hekalu lenye sanamu kubwa zinazotabasamu, na kuna sheria ambazo asiyezielewa anakufa. Pale niliogopa. Uchoraji wa mapigano ni wa hali ya juu, na muziki wa Hiroyuki Sawano unakusimamisha nywele.

Kisha Jinwoo anapewa mfumo. Mfumo unamwekea mazoezi ya kila siku, unamhesabia alama, unampandisha daraja. Kuanzia hapo kila adui ni ngazi. Wahusika wengine wanabaki na kazi moja tu, kumtazama na kushangaa. Katika msimu wa pili, wawindaji wanaopigana na siafu wakubwa kisiwani Jeju wanateseka na kufa ili yeye apate kuchelewa kwa kishindo. Hadithi iliyoanza na kijana anayeogopa inageuka kuwa hesabu ya kujumlisha.

Wala sishangai kwamba tunaipenda. Mwaka 2025 ilitwaa tuzo ya anime bora ya mwaka katika tuzo za Crunchyroll, ambamo mashabiki hupiga kura. Nani kati yetu hataki mfumo unaoona kila usiku uliokesha na kukulipa alama papo hapo? Sisi tunamaliza shahada bila kujua kama kuna kazi inayotungoja. Solo Leveling inatuahidi kwamba juhudi haipotei hata punje. Ni ahadi tamu, na mwenzetu angeniambia hivyo, kwamba "hii inafariji lakini haina maswali," ningeiangalia nikiwa na njaa ya faraja na ningemshukuru. Hakuniambia, kwa hiyo alichonipa ni tangazo, na wala hakulipwa kwa kulitoa.

Nilikuwa nimefika hapa katika hasira yangu, nikijiona mimi ni bora, ndipo nikafanya kosa baya kuliko lake.

Nilimpendekezea Frieren msichana mmoja tunayesoma naye hapa Kigali. Nilimwambia maneno mazuri, na yote yalikuwa ya kweli. Nilimwambia kwamba hadithi hii inaanza pale nyingine zinapoishia: mashujaa wanne wamemwangusha Mfalme wa Mazimwi baada ya safari ya miaka 10, wanarudi mjini, wanaagana. Frieren ni mchawi wa jamii inayoishi zaidi ya miaka 1000, hivyo miaka 10 kwake ni kama wiki ya likizo. Anaondoka. Anarudi baada ya miaka 50, anamkuta Himmel, kiongozi wao, ni mzee mwenye upara. Muda mfupi baadaye Himmel anafariki, na Frieren analia kaburini, kwa sababu alisafiri naye miaka yote ile bila kufanya bidii ya kumfahamu. Sehemu 28 za msimu wa kwanza, zaidi ya saa 11, ni za mtu anayejaribu kumfahamu marehemu kwa kupita tena njia walizopita pamoja. Nilimwambia juu ya sanamu ambazo Himmel alikubali zichongwe vijijini, na sababu yake: alijua kwamba Frieren ataishi siku ambazo hakuna mwingine aliyebaki wa kumkumbuka, na hakutaka awe peke yake. Nilimwambia kwamba hakuna anayepiga kelele. Kampuni ya Madhouse na mwongozaji Keiichirō Saitō wameacha upepo, moto wa kuni na kimya vifanye kazi.

Baada ya siku nne alinirudia. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ulisema ni hadithi ya safari na kumbukumbu," aliniambia. "Hukusema kwamba kuna jamii nzima ambayo kosa lake ni kuzaliwa."

Alikuwa anasema juu ya mazimwi. Katika Frieren mazimwi yana sura ya watu na yanaongea lugha ya watu, lakini hadithi inatuambia kwamba lugha kwao ni mtego. Kuna zimwi toto ambalo limeshaua. Linapokaribia kuuawa linaita "mama," Himmel anazuia mkono, na kijiji kinalilea. Kinachofuata ni damu. Baadaye linaeleza kwamba lilitamka neno lile kwa sababu liligundua kwamba watu wakilisikia wanasita kuua. Methali yetu inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. La Frieren linakula likamaliza, na kukujua ndiko kunakolisaidia.

Mimi niliiona sehemu hiyo kama mwanafunzi wa lugha, nikafurahi: neno lisilo na maana ndani yake, sauti iliyofundishwa kufungua milango. Hata nilitania kwamba ndivyo tunavyopendekezeana anime, kwa maneno ambayo tumejifunza kwamba yanafungua mlango, bila kujua tunamaanisha nini. Yeye aliiona kama mjukuu wa manusura. Katika nchi hii, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, kulikuwa na redio iliyowaita watu mende. Kabla ya panga kulikuwa na somo, na somo lenyewe lilisema: usidanganyike na sura yao, usidanganyike na maneno yao mazuri, wale si kama sisi. Hadithi inayomwadhibu Himmel kwa sababu alimhurumia aliyeita "mama" haiwezi kupita masikioni mwetu kama inavyopita kwa mtu aliyekulia mbali na kaburi la halaiki.

Nilijaribu kuitetea. Nilisema mazimwi yale ni mfano wa mnyama mwindaji, kama chui aliyejifunza kulia kama mbuzi. Nilisema mwandishi Kanehito Yamada hakuwa akiandika juu yetu. Yote mawili bado nayaamini. Lakini utetezi wangu ulikuja baada ya siku nne, na mahali pake palikuwa kabla. Niliyajua mazimwi yale nilipompendekezea. Niliyaacha kwa sababu yangeharibu sifa zangu.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Anayekupendekezea kitu na kukuficha kasoro yake amekufanya mteja. Rafiki anakupa kitu pamoja na onyo lake, hata kama onyo litakufanya ukikatae.

Basi nirudie kazi upya, safari hii kwa haki.

Frieren ninaipendekeza bado, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote za misimu ya karibuni. Iangalie kama umewahi kumzika mtu ambaye ulidhani bado kuna wakati wa kumuuliza maswali. Iangalie polepole, sehemu moja kwa usiku, si zote mwishoni mwa wiki. Onyo ni hilo la mazimwi: kanuni ya hadithi juu yao haina huruma, na sehemu zinazoieleza zinaanza kabla hujafika nusu. Katika nusu ya pili kuna mtihani mrefu wa wachawi ambao kwa maoni yangu unajaza wahusika wengi kuliko unavyoweza kuwalisha.

Ukimaliza, usiishie hapo. Nenda kwenye Vinland Saga ya Makoto Yukimura, hasa msimu wa pili, wa 2023, uliotengenezwa na MAPPA. Huu unajibu swali lile lile kwa njia iliyo kinyume. Tuko Denmark mwanzoni mwa karne ya 11. Thorfinn, aliyekulia vitani akitaka kulipiza kisasi cha baba yake, sasa ni mtumwa katika shamba la mtu anayeitwa Ketil. Pamoja na mwenzake Einar wanakata miti, wanang'oa visiki, wanapanda ngano, wakitumaini kununua uhuru wao kwa mavuno. Sehemu baada ya sehemu hakuna vita, kuna visiki tu. Na Thorfinn anaanza kulielewa jambo ambalo baba yake alimwambia utotoni naye hakulisikia, kwamba hana adui popote duniani. Baadaye inambidi alithibitishe hilo kwa mwili wake, akipokea ngumi bila kurudisha hata moja. Sijaona mapigano yaliyonishika kama haya, na mpiganaji mmoja tu ndiye anayepiga.

Hapa kuna jibu kwa wanaouliza anime inakisaidia nini Kiswahili. Maandishi ya chini niliyoyasoma yalikuwa ya Kiingereza, na neno la Kiingereza la mtu kama Thorfinn linanieleza kwamba anamilikiwa. Kichwani mwangu, bila kukusudia, nililisoma kwa Kiswahili: mtumwa. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Neno letu linauliza safari ni ya nani. Ndipo nikaona kitu ambacho huenda nisingekiona. Katika msimu wa kwanza, Thorfinn yuko huru kisheria, ana visu viwili kiunoni, lakini kila siku anatumwa: na Askeladd, kiongozi wa kundi la wapiganaji, na kisasi, na marehemu ambaye hakumtuma. Shambani, mwenye jina la mtumwa, ndiko anakoanza safari yake mwenyewe. Kiswahili kina pia mtwana na mjakazi, na lugha iliyohitaji kutenganisha maneno hayo mawili inajua kwamba utumwa wa mwanamke una mateso yake. Arnheid, mjakazi wa Ketil, ndiye ushahidi. Uhakiki wa namna hii ningeweza kuuandika kwa Kiingereza, lakini nisingeufikiria kwa Kiingereza.

Onyo: utahitaji msimu wa kwanza, wa 2019, ndipo uelewe wa pili. Ni sehemu 48 kwa jumla, yaani saa zipatazo 19. Usianze wiki ya mitihani. Na mambo yanayompata Arnheid yanaumiza. Mwenye jeraha la ukatili wa nyumbani asiangalie peke yake usiku.

Ya tatu ni Orb, yenye sehemu 25, iliyorushwa kuanzia Oktoba 2024 hadi Machi 2025. Ni hadithi ya watu wa karne ya 15, katika ufalme wa kubuni, wanaoamini kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, na wanaofuatwa na watesaji kwa sababu hiyo. Sitamwaga mtama, ila usiharakishe kumchagua mhusika mkuu. Uzuri wake kwa wanafunzi wa lugha uko kwa Oczy, mtu wa upanga asiyejua kusoma, ambaye anajifunza herufi mpaka anaandika kitabu, na kwa msichana Jolenta, anayeeleza kwamba maandishi yanamwezesha mtu kuzungumza na waliokufa karne nyingi zilizopita. Mhadhiri wangu angeipenda, kama angekubali kukaa nayo dakika 24.

Maonyo ni mawili. Mateso yanaonyeshwa tangu sehemu ya kwanza, bila kuficha. Na usiichukue kama kitabu cha historia: Copernicus halisi alichapisha kazi yake mwaka 1543 na akafariki mwaka huo huo kwa maradhi, hakuna aliyemchoma moto. Hadithi imebuni mateso ili iulize swali lake. Ni haki yake kubuni, na ni wajibu wangu kukwambia kwamba imebuni.

Nimemaliza mapendekezo. Mtaona kwamba yamekuwa marefu kuliko "noma sana." Hayawezi kuwa mafupi hivyo, kwa sababu maneno mawili hayabebi jina la kazi, sababu ya kuipenda, gharama yake kwa saa, na mtu ambaye haimfai. Hayo manne ndiyo ninayoyadai kutoka kwa kila mwenzangu atakayeniambia tena "niamini tu." Kutoka kwa walimu wetu ninadai kidogo zaidi: sehemu moja, kabla ya kicheko.

Kuhusu yule msichana, Frieren hakuimalizia, na sikumwomba aimalizie. Nilimwambia habari za Vinland Saga, safari hii nikianza na maonyo na kumalizia na sifa. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza ni saa ngapi kwa jumla, akasema atafikiri. Wiki iliyopita aliniandikia ujumbe usiku sana: amefika pale Thorfinn na Einar wanapong'oa kisiki cha kwanza, na anataka kujua kama visiki vitaisha. Nikamwambia ukweli, kwamba bado ni vingi.